Makaburi ya Hatua ya Nne

Jumamosi asubuhi, kwenye mgahawa wake, Salome alikuwa anakanda unga wa chapati kwenye beseni la bluu, na Naanyu muuza maziwa alikuwa anampimia kikombe kwa kikombe, kila mmoja akiutazama mkono wa mwenzake, kwa kuwa walikuwa wanaaminiana lakini si kupita kiasi. Nyuma ya pazia, kwenye chumba ambacho zamani kuku walilala wakati wa masika, vijana wa Mnyuzi walikuwa wanacheza gemu. Mzee Sadala, aliyekuwa nyapara wa shamba la mkonge tangu enzi za Wazungu mpaka enzi za serikali, alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na pazia na chai yake mkononi. Akachungulia televisheni, akapuliza chai, akasema, "Yule ni Kalolo."

Salome akauliza Kalolo yupi.

"Kalolo Mbena, aliyeumwa na nyoka kule kitalu cha bondeni. Hebu mwambie huyo kijana aache kumpiga."

Gemu hilo lililetwa na Petro, mdogo wa marehemu mume wa Salome. Ile ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye miguu anakwenda Kariakoo na kurudi na kitu. Wengine walirudi na mitumba, wengine na sabuni za kunukia. Petro alirudi na televisheni yenye ufa pembeni, mashine ya gemu na kaseti moja yenye maandishi ambayo hata mwalimu mkuu aliigeuza juu chini akashindwa. Dukani alikuwa ameambiwa ni mpira. Haukuwa mpira. Alikuwa mtu mmoja mwenye panga na kitambaa chekundu shingoni, anatembea kwenda kulia katika nchi isiyopambazuka, na kila kinachotokea mbele yake kinataka kumuua: popo, mafuvu, mbwa asiye na kichwa. Anaruka mashimo, anapiga, anasonga. Petro aliporudi Kariakoo kudai mpira wake, mwenye duka alisema hajapata kuuza kaseti ya namna hiyo, wala hajui ya kufanana nayo, na kwa kweli hakuna mtu mwingine aliyewahi kuiona.

Vijana waliliita Gemu la Mizuka. Mtu alipewa laifu tatu. Zikiisha anaanza mwanzo. Kwa miezi mingi hakuna aliyevuka hatua ya tatu, ambako mwanamke mmoja mwenye miguu ya buibui aliwatoa roho wote bila ubaguzi. Jumamosi ile kijana mmoja akamvuka. Hatua ya nne ikafunguka, na ilikuwa makaburi ya shamba la mkonge, pale pale nyuma ya Mnyuzi, kama yalivyokuwa.

Salome alisimama mlangoni na unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. Aliliona tangi la maji lililoinama upande mmoja. Aliiona reli ya troli, na mti wa mkrismasi uliopigwa na radi ukachanua upande mmoja tu. Aliyaona matuta, na juu ya kila tuta mlingoti mfupi wa mkonge umesimikwa, maana waliozikwa pale walikuwa manamba, vibarua wa mkataba waliotoka mbali, Njombe, Kasulu, ng'ambo ya mipaka, na mtu aliyekufa mbali na kwao alisimikiwa alichokuwa anakikata. Kijana alikuwa amekwisha kumruka wa kwanza, na kutoka kwenye tuta la pili alikuwa anainuka mtu mrefu mwenye suruali iliyokunjwa mguu mmoja. Kijana akampiga panga. Mtu yule akawa vumbi, namba zikaongezeka juu ya kioo, na tuta lake likalala chini likawa ardhi tambarare.

"Tumempoteza Kalolo," alisema Mzee Sadala. Chai yake hakuimaliza.

Salome akang'oa waya ukutani, akawatoa vijana wote kwa kifimbo cha kusukumia chapati.

Inafaa ijulikane kwamba makaburi yale duniani hayakuwepo tena. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi, trekta la mwenye mali mpya lilipita juu yake siku moja asubuhi, milingoti ikachomwa pamoja na magugu, na kabla ya mvua miche ya mkonge ilikuwa imepandwa kwa mistari, imenyooka vizuri sana. Watu wakaenda kwa meneja. Meneja akatazama ramani, akasema hapo hapajawahi kuwa na makaburi. Wakaenda wilayani. Wilayani nao wakatazama ramani ile ile, wakasema vile vile. Basi watu wakarudi nyumbani, na wajukuu wa manamba, Wakristo kwa Waislamu, wakawa wanawaombea wafu wao huku wamegeukia upande wa shamba kwa kukisia.

Salome alikuwa na mtu wake pale. Mumewe Bernardo alikuwa analisha majani kwenye korona, ile mashine inayokwangua mkonge zikatoka singa, na siku moja korona ilimkamata mkono wa kulia, ikaula mpaka begani. Siku hiyo Salome alikuwa Vugiri, kwa mama yake, amekwenda kujifungua. Joto la bonde halingoji mtu. Walimzika Bernardo jioni ile ile. Habari zilipopanda mlima, na Salome aliposhuka na mtoto mchanga mgongoni, alionyeshwa tuta. Watu wakamwambia ni heri hakumwona. Alikasirika sana kwa maneno hayo, na hasira hiyo haikumtoka. Salome alikuwa mtu wa kusadiki anachokiona; na kwa kuwa hakuuona uso wa mumewe, kuna sehemu ya moyo wake iliyoendelea kumwekea chakula. Alikwenda kukaa kando ya lile tuta kila alipotoka kanisani, mpaka siku aliyokuta mistari ya miche.

Kwa hiyo jambo alilolitaka lilikuwa moja tu. Kama Kalolo yumo, na Bernardo yumo. Alitaka kumwona uso, na alitaka Bernardo amwone Yuditha, binti yake, ambaye sasa alikuwa wa kwenda shule.

Ugumu ulikuwa kwenye kufika. Wafu waliinuka kwa mfuatano wa kuzikwa kwao, mmoja mmoja, na Bernardo alikuwa wa mwisho kabisa, karibu na uzio, maana baada yake watu walianza kuzikwa penye msikiti na penye kanisa. Ili umfikie, ilibidi uwapite wengine wote. Ukimpiga mfu anakuwa vumbi na harudi tena, hata uzime mashine na kuiwasha. Tuta la Kalolo lilibaki tambarare. Usipompiga anakuja mpaka anakugusa, unakufa, unarudi mwanzo. Ilibaki kuruka. Petro, aliyekuwa mwepesi wa vidole, alijaribu. Akamruka kichwani Mzee Ntahondi wa Kasulu, huku binti yake Mzee Ntahondi amekaa pale pale nyuma yake. Mama yule aliinuka, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga. Mtu mzima harukwi, sembuse marehemu. Petro alilazimika kumfuata nyumbani na jogoo wa kuombea radhi.

Wiki ikapita hivyo. Ndugu wa wafu walikuja, vijana wakawavusha hatua tatu za mwanzo, wakashika pedi ya gemu, wakafika kwenye tuta la kwanza, wakashindwa kupiga, wakashindwa kuruka, wakafa laifu zote tatu wakiwa wameduwaa. Wengine walishukuru hata kwa hilo. Salome hakushukuru.

Naanyu ndiye aliyeuliza. Alikuwa anatoka ng'ambo ya mto, upande wa Handeni, ambako jamaa zake walikuwa na ng'ombe wengi na majirani wachache, na siku hiyo alikuwa amekaa akisubiri dumu lake lisafishwe. Kwa muda alitazama watu wakifa kwenye kioo.

"Mbona hamwasalimii?" akasema.

Petro akamwambia gemu halina kitufe cha shikamoo.

Naanyu akaipokea ile pedi, mikono yake inanuka maziwa na moshi. Akamwendesha mtu wa panga taratibu mpaka kwenye tuta la kwanza. Bibi mmoja akainuka, kilemba kichwani, akaanza kuja. Naanyu akabonyeza mshale wa chini, ule ambao vijana walikuwa wanautumia kukwepa popo. Mtu wa panga akachuchumaa, akainamisha kichwa, akatulia hivyo. Kwa kina Naanyu mtoto hampi mkubwa mkono; anamletea kichwa, anangoja kuguswa. Bibi alifika. Akanyoosha kiganja, akakiweka juu ya kichwa kilichoinamishwa, akakiacha pale kidogo. Kisha akaendelea na safari yake kwenda kushoto, kule tulikotoka sote, akapita ukingo wa kioo akaondoka. Tuta lake likajifunga polepole, nyasi zikaota juu yake. Laifu haikupungua, wala namba hazikuongezeka.

 Mtu mmoja alikuwa analia kwa pua.

"Kwetu ndivyo tunavyofanya," alisema Naanyu, akachukua dumu lake akaenda zake, maana njia ilikuwa ndefu.

Kuanzia siku hiyo watu walivua viatu kwenye pazia bila kuambiwa. Kila mfu alisalimiwa na mtu wake. Wazee ambao hawajawahi kushika kitu chenye waya walishikwa vidole na wajukuu wao na kuwekewa penye mshale wa chini, na wenyewe wakainamisha vichwa vyao halisi, vyenye mvi, mbele ya kile kioo chenye ufa. Wafu walikuja wenye mashuka, wenye makoti ya mvua, wenye visu vya kukatia mkonge viunoni. Nyuso zao zilikuwa za vipande vidogo vidogo vya mraba, lakini hakuna aliyekosea kuwatambua. Mle ndani palinukia mkonge uliokatwa sasa hivi. Salome alikuwa anapeleka chai na kurudi jikoni, na kila aliporudi ilibidi ashike meza kwanza, kwa sababu hakujua kwamba mtu anaweza kuwa na furaha na woga kiasi kile kwa wakati mmoja akabaki amesimama.

Habari zikafika wilayani, na ofisa mmoja akaja na pikipiki. Alikula chapati mbili, akatazama, akauliza maswali ya maana. Hakushangaa. Alilitambua tangi. Alilitambua na tuta la shangazi yake mwenyewe, la pili kutoka mwisho, akakohoa.

"Hayo ni makaburi," akasema, "na ni hapa hapa. Alhamisi nitakuja na wakubwa na meneja wa shamba. Wakiyaona kwa macho yao, kile kipande kitarudishwa, ramani itachorwa upya. Ila msiyaguse. Lazima wayakute."

Mzee Sadala akawatangazia watu wangoje. Watu wakakubali kwa kauli moja. Jumatatu akaja mama mmoja anayehamia Mkata kuuza mahindi barabarani, gari lake linaondoka saa nne, hawezi kwenda bila kumuaga baba yake. Atanyimwaje? Jumanne akaja mtu mgonjwa. Kisha akaja yule ofisa, bila pikipiki, amevaa kiraia, akamsalimia shangazi yake akaondoka bila kumtazama mtu usoni. Kufikia Jumatano mchana nyasi zilikuwa zimeota hatua ya nne yote, isipokuwa tuta moja kando ya uzio.

Mzee Sadala akaja jikoni. Salome akamwamkia, naye akaitikia, akakaa.

"Mama Yuditha, wako ndiye aliyebaki. Ukimsalimia leo, kesho wakubwa watakuta majani. Tumekwisha."

"Wenzangu wote wamewaona wa kwao, mzee."

"Wamewaona."

"Mimi ndiye nivumilie?"

"Ndiyo, wewe," alisema Mzee Sadala, na hakuona haya, kwa sababu hata yeye alikuwa amewazika wengi pale kwa mikono yake.

Salome alivumilia. Mchana kutwa alikaa mbele ya televisheni, mtu wa panga amesimama hatua moja kabla ya tuta, mwanga mwekundu unamwangukia begani. Ilitosha kubonyeza kidogo kwenda mbele, Bernardo angeinuka. Vidole vilimuuma kwa kutobonyeza. Naanyu alipokuja na maziwa, Salome akamuuliza kwao mke anamsalimiaje mumewe aliyekufa.

"Mke haleti kichwa," alisema Naanyu. "Mtoto ndiye analeta. Wewe unakaa karibu tu. Atajua."

Alhamisi wakaja. Walikuwa wakubwa wawili wenye mashati ya mikono mifupi, yule ofisa, na meneja, kijana msafi, mpole, aliyevua viatu kama wengine. Wakapewa benchi la mbele. Wakapewa chai na chapati. Watu wa Mnyuzi wakajaa mlangoni na dirishani, na Yuditha akakaa chini kati ya magoti ya mama yake.

Salome akashika pedi, akabonyeza kwenda mbele.

Tuta likapasuka. Bernardo akainuka polepole, bega kwanza, lile bega lisilo na mkono, kisha kichwa, kisha akasimama akajipangusa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na shati lake la kazini. Singa nyeupe zilikuwa zimemnasa kwenye nywele kama siku zote alipotoka koronani. Akageuza uso, na Salome akauona. Haukuwa umeharibika. Watu walikuwa wamemdanganya, au walikuwa wamedanganyika. Ulikuwa uso wa Bernardo akiwa amechoka na njaa, hana ugomvi na mtu. Machozi yakamtiririka Salome, naye akayaacha yatiririke.

"Namwona," alisema mkubwa wa kwanza.

"Hata mimi namwona," alisema meneja. "Sina ubishi. Lakini nimeambiwa hawa wakipigwa wanatoa pointi. Kaburi halitoi pointi. Basi apigwe. Zikitoka pointi, huu ni mchezo na mjadala umekwisha. Zisipotoka, ni kaburi, nami nitang'oa mkonge."

Wakubwa wakatazamana, wakaona ni utaratibu wa haki.

Bernardo alikuwa anakuja. Mzee Sadala akainama sikioni mwa Salome. "Usimpige. Usimsalimie. Mwache amguse mtu wa panga, huyo afe, gemu lirudi mwanzo. Kaburi litabaki. Tutaita watu wengine, siku nyingine."

Lilikuwa shauri jema, na Salome alijua kuwa ni jema. Alijua pia kwamba siku nyingine maana yake ni kumrudisha Bernardo chini ya ardhi, akae huko peke yake, wenzake wote wameondoka, akingoja watu wa kutazama ramani. Na Yuditha alikuwa amekwisha kuinua shingo. Mtoto hakuwa amewahi kuwa karibu na baba yake kiasi hiki, na hakuna aliyejua kama atakuwa tena.

Salome akamwekea pedi mapajani, akamshika kidole gumba. "Bonyeza hapo," akasema. "Inamisha kichwa. Ni baba yako."

Yuditha akabonyeza. Mtu wa panga akachuchumaa, na Yuditha naye, kama watoto wafanyavyo wakicheza, akainama vile vile. Bernardo akafika. Mkono wa kulia hakuwa nao, akatoa wa kushoto, akauweka kichwani. Watu wote waliokuwa mle chumbani, meneja akiwamo, waliziona nywele za Yuditha zikibonyea kidogo katikati, zikakaa hivyo, kisha zikainuka. Bernardo akatazama nje ya kioo, upande alipokaa Salome. Akamtazama kama alivyokuwa akimtazama akitoka kazini, alipokuwa anataka kusema jambo akaona linaweza kungoja mpaka baada ya kula. Halafu akaenda kushoto, akapita ukingo, akaondoka. Nyasi zikaota.

Hatua ya tano ikafunguka. Hapakuwa na tangi wala reli wala mti. Ilikuwa mkonge mtupu, mistari imenyooka mpaka mwisho wa kioo, na mtu wa panga amesimama katikati yake bila adui. Salome akamwendesha. Akatembea, akatembea, na mistari haikuisha. Akamchuchumaza. Hakuna aliyekuja kumgusa.

"Sasa makaburi yako wapi?" akauliza mkubwa wa pili.

 Ofisa wa wilaya alikuwa anatazama soksi zake.

"Ndicho ninachokisema siku zote," alisema meneja, bila ukali.

Wakubwa wakakubaliana naye, wakasifia chapati, wakavaa viatu. Ramani ilibaki kama ilivyokuwa, na mpaka leo iko hivyo. Mzee Sadala aliweka kikombe chake juu ya meza, akaondoka, na tangu siku hiyo alikunywa chai yake kwingine. Salome hakumlaumu, wala hakumwomba radhi.

Watu walipokwisha kutoka, Yuditha alikuwa bado amekaa chini, mkono wake umeshika utosi.

"Mama," akasema, "kumbe mkono wake una joto."

Salome akauondoa mkono wa mtoto, akaweka kiganja chake mwenyewe pale pale. Kweli palikuwa na joto. Akakaa hivyo, jikoni chapati zikiungua, na nje trekta la shamba likapita limejaza wakataji, Petro akiwa mmoja wao, linaelekea kile kitalu kilichokuwa makaburi, maana mkonge wake ulikuwa umekomaa na ndiyo siku ya kwanza ya kuukata.